Majalada ya Malakisi

Jumanne, tarehe 10 Februari 1948, umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini iliyoanzia kwa Wabukusu wa eneo hilo na kuipinga serikali ya koloni, ulikabiliana na polisi mjini Malakisi. Polisi wakafyatua risasi. Watu 11 waliuawa, 16 wakajeruhiwa. Malakisi siku hizo ilikuwa senta ya wakulima chini ya Mlima Elgon, si mbali na mpaka wa Uganda, na wakubwa wa Nairobi hawakuwa na sababu ya kuitaja, sembuse wale wa London. Lakini tukio lile halikukawia kugeuka karatasi: taarifa za polisi, barua za wakuu wa wilaya, ripoti za siri. Zaidi ya miaka 75 imepita, na bado mtu anaweza kuzifuatilia habari za misukosuko ile katika nyaraka zilizotawanyika kwenye mabara matatu.

Sasa nenda kwenye saiba yoyote kati ya Malakisi na Bungoma, umwombe mwenyewe akutolee upya wasifu wa marehemu babu yako uliochapwa hapo miaka mitano iliyopita. Usishangae akikujibu, "Pole, ile mashine ilikufa."

Karatasi haina uimara wa kuishinda kompyuta. Karatasi za mkoloni ziliungua, zililiwa na mchwa, zililowa mvua. Habari ya Malakisi ilinusurika kwa sababu ilikaa mahali pengi kwa wakati mmoja, mikononi mwa watu wasiojuana, na baadhi yao walikuwa maadui. Historia ya nakala hizo ina mengi ya kumwambia mtu mwenye simu moja na kompyuta moja, ingawa sehemu kubwa yake ilitengenezwa na watu ambao hawakututakia mema.

Elijah Masinde, kiongozi wa Msambwa, aliijua karatasi ya serikali kwa karibu. Alizaliwa upande wa Kimilili mwanzoni mwa karne ya 20, akalelewa katika kanisa la Friends, akacheza kandanda hadi kufika timu ya Kenya katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Baadaye aliajiriwa kupeleka samansi za baraza la Kimilili, yaani kazi yake ilikuwa kubeba karatasi na kumkabidhi mtu amri ya kufika mbele ya wakubwa. Kisha akageuka. Mwaka 1944 aliongoza watu kukaidi amri za serikali, akatiwa ndani, na hatimaye akapelekwa hospitali ya Mathari kama mgonjwa wa akili. Alitoka mwaka 1947, na Septemba ya mwaka huohuo akakusanya maelfu ya watu Chetambe, juu ya Webuye, kwenye ngome ambamo Wabukusu walivunjwa na jeshi la Waingereza mwaka 1895.

Vita vya Chetambe vyenyewe vina hifadhi mbili. C. W. Hobley, afisa wa Kiingereza wa enzi hizo, aliweka habari zake ndani ya kitabu kilichochapishwa London mwaka 1929. Wabukusu waliweka zao vichwani. Masinde aliposimama pale, miaka 52 baada ya vita, hakuhitaji kitabu cha Hobley kuwaambia watu wamesimama juu ya mifupa ya nani. Walijua tayari.

Hifadhi hii ya vichwa nayo ilikuwa na mpango wake, na mpango huo ulikuwa madhubuti. Marika manane ya tohara hufuatana kwa duara: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa, na mzunguko mzima huchukua takriban karne moja. Ukiambiwa mtu ni wa rika gani, unaweza kukisia umri wake hata kama hajawahi kuona cheti cha kuzaliwa. Na mzee mkubwa akizikwa, siku chache baadaye huja kumuse: msemaji mteule husimama mbele ya halaiki na kueleza asili ya koo, safari za mababu, vita, ndoa, laana na maonyo. Si kazi ya kila mtu. Manguliechi, msemaji aliyevuma zaidi katika kizazi cha wazee wetu, aliweza kuwaweka watu juani kwa saa nyingi bila mtu kuondoka. Nao wasikilizaji hawakai pale kama magogo. Msemaji akikosea ukoo wa mtu, yuko mzee atakayekohoa kwa makusudi. Kila kumuse ni kunakili na kukagua kwa wakati mmoja, na siku msemaji anapokufa, mamia waliomsikia wamebaki na vipande vya alichokibeba.

Udhaifu wa njia hii unajulikana. Tarehe huyeyuka, majina ya watu wadogo hudondoka njiani, na kila ukoo hujipa ushindi. Juu ya yote, inahitaji wasikilizaji. Kijana aliyehamia Nairobi hapati sehemu yake.

Turudi kwenye karatasi. Mwaka 1948 Malakisi ilikuwa chini ya wilaya ya North Kavirondo, ambayo mwaka huohuo ilibadilishwa jina ikawa North Nyanza. Mkuu wake wa wilaya, yaani DC, alikaa Kakamega. Alipoandika ripoti, karani aliweka karatasi kadhaa kwenye taipureta, katikati yake akatia karatasi za kaboni, akagonga herufi kwa nguvu. Nakala ya juu ilitoka nyeusi kabisa na ya mwisho ikasomeka kwa shida. Moja ilibaki Kakamega. Nyingine ilikwenda kwa mkuu wa mkoa, PC, Kisumu. Kutoka Kisumu habari ilipanda hadi Nairobi, na yale mazito yakavuka bahari hadi Wizara ya Makoloni. Karani hakuwa akifikiria historia hata kidogo. Kila mkubwa alitaka nakala yake ili kesho asije akaulizwa jambo asilolijua, na woga huo wa kiofisi ndio uliofanya kazi ya hekima.

Palikuwa na mnyororo wa pili, na huu husahauliwa. Wabukusu wengi siku hizo waliishi na kufanya kazi katika mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia. Msambwa ilisambaa huko pia, na majengo ya walowezi yalipochomwa, wafuasi wake ndio walionyoshewa kidole. Kwa hiyo maofisa wa Kitale walikuwa na sababu zao za kuandika. Wao hawakuripoti Kisumu. Walikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa, na karatasi zao zilipitia Nakuru. Minyororo hii miwili ilikutana Nairobi tu. Moto ungeliteketeza ofisi ya Kakamega yote, Kitale ingebaki na upande wake wa habari za Masinde, umeandikwa na watu wengine kwa hofu nyingine.

Moto haukuwa jambo la kubuni. Mwaka 1939 jengo la Sekretarieti, ubongo wa serikali ya koloni, liliungua mjini Nairobi na majalada mengi ya serikali kuu yakaangamia. Ukitaka leo kuandika historia ya miaka ya mwanzo ya magharibi ya Kenya, utategemea sana kile kilichokuwa kimebaki mikoani na wilayani: ripoti za mwaka, ripoti za kukabidhiana ofisi, vitabu vya kumbukumbu za siasa ambavyo kila DC alimwachia mrithi wake. Makao makuu yaliungua, matawi yakabaki na habari.

Baada ya risasi za Malakisi, Masinde alikamatwa katikati ya Februari na kupelekwa uhamishoni Lamu. Dini yake ikapigwa marufuku. Mwezi wa Aprili 1950 Lukas Pkech, aliyeipeleka Msambwa kwa Wapokot, alikufa pamoja na wafuasi wake wengi katika mapambano ya Kolloa, Baringo. Majalada yakazidi kunenepa. Masinde mwenyewe hakuachiliwa hadi 1961.

Mwaka huohuo wa 1961 Uingereza ilianza kuyashughulikia majalada yenyewe. Mwezi wa Mei, Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali zitakazorithi uhuru zisikabidhiwe chochote kinachoweza kuiaibisha Uingereza. Nchini Kenya majalada yakagawanywa makundi mawili. Kuna yaliyoruhusiwa kurithiwa, na kuna yaliyogongwa herufi W, ambayo afisa Mwafrika hakutakiwa hata kujua kwamba yapo. Hayo ya pili yalichomwa au kupakiwa na kusafirishwa Uingereza. Maagizo yalikuwa ya kina kiasi cha kutia kichefuchefu: majivu yapondwepondwe, na kama karatasi zitatoswa baharini, basi ziwe ndani ya masanduku yenye uzito, kwenye kina kirefu, mbali na ufuo. Palitakiwa na vyeti vya kuthibitisha kwamba jalada fulani limeteketezwa.

Mtu anayehangaikia kompyuta yake angefaa asome maagizo hayo. Waliofuta majalada walielewa jambo ambalo wenye kuyatunza husahau: kufuta nakala moja si kufuta. Ndiyo maana amri ilishuka kwa kila ofisi, na kila ofisi ikadaiwa uthibitisho. Pale ambapo nakala zote zilitii amri moja, habari ilitoweka kabisa. Pale ambapo nakala mojawapo ilikuwa imetangulia kutoka nje ya mkono wa mwenye amri, habari ilibaki.

Baadhi yake ilitoka kwa njia isiyotarajiwa. Kenya huru ilitunga sheria ya hifadhi ya nyaraka mwaka 1965, na katika miaka hiyohiyo Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kilipata nakala za mikrofilamu za majalada ya Hifadhi ya Taifa: ripoti za mikoa na wilaya, za kukabidhiana ofisi, za kijasusi. Mwongozo wa nyaraka hizo ulioandaliwa na Robert Gregory, Robert Maxon na Leon Spencer ulitoka mwaka 1968. Yaani wilaya ambayo Masinde aliikataa imekunjwa ndani ya roli za filamu huko kwenye theluji. Wapo wanaoliona jambo hilo kama uporaji mwingine. Mimi naliona kama bahati yenye doa. Filamu ile haikuiondoa karatasi Nairobi, iliiongezea mwenzake. Doa ni kwamba mwanafunzi wa Marekani amekuwa na safari fupi kuliko mwanafunzi wa Malakisi kufikia habari za Malakisi.

Yale yaliyosafirishwa yalikuwa na hadithi nyingine. Kenya iliyadai mwaka 1967, ikakataliwa. Uingereza haikufungua mdomo hadi wazee wa Mau Mau walipoishtaki mahakamani London. Ushahidi wa wanahistoria, David Anderson akiwa mmoja wao, uliibana serikali, na mwanzoni mwa 2011 ikakiri kwamba ina majalada katika jumba la siri la Hanslope Park: takriban 1,500 ya Kenya, ndani ya masanduku 300, sehemu ya shehena ya mafaili kama 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani. Mwezi wa Juni 2013 serikali hiyo ilitangaza kuwalipa walalamikaji 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Nakala iliyofichwa kwa nusu karne iligeuka ushahidi dhidi ya aliyeificha.

Kompyuta ilikuja na ahadi ya kuyamaliza mashaka haya. Mwaka 1956, Masinde akiwa bado uhamishoni, kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kwanza ya kuuzwa yenye diski ngumu. Ilikuwa na sahani 50, ukubwa wake wa makabati, na iliweka herufi milioni tano. Leo fleshi ndogo ya mfukoni inabeba maelfu ya mara ya hizo. Lakini umbo la hatari limebaki lilelile hasa kwenye diski za sahani, ambazo ndizo zimejaa katika kompyuta kuukuu zinazoletwa kutoka Ulaya na kuuzwa bei nafuu. Ndani yake sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa pengo jembamba kuliko chembe ya vumbi. Kichwa kikigusa sahani, kinakwaruza maandishi yenyewe. Fundi akisikia diski inagonga tik-tik, anajua. Atakushauri uizime na uache kuijaribujaribu. Diski za kisasa zisizo na sahani hazina kichwa cha kuanguka, ila zina tabia ya kufa bila hata kugonga.

Magharibi ya Kenya huongeza mashaka yake. Eneo hili hupigwa na radi nyingi. Vumbi la barabara ya murami huingia kila mahali. Stima nayo ina vituko vyake: tarehe 7 Juni 2016 nchi nzima ilikosa umeme kwa saa kadhaa kwa sababu ya tumbili aliyeangukia transfoma katika bwawa la Gitaru (yeye mwenyewe alinusurika), na tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda tena hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kupotea kwa stima humpotezea mtu kazi ambayo hajaiseivu. Kurudi kwake kwa kishindo ndiko kunakochoma mashine.

Na fikiria ni nini kinachokaa ndani ya mashine ya saiba ya mji mdogo. Tangu serikali ihamishie huduma zake mtandaoni, ushuru kupitia iTax, vyeti kupitia eCitizen, mikopo ya wanafunzi, kila mtu wa kijiji amepita hapo. Hapo ndipo makubaliano ya kuuziana shamba yalipopigwa chapa kabla ya kupelekwa kwa wakili. Hapo pana katiba na kumbukumbu za vyama vya akina mama, CV za vijana, bajeti za harambee, barua kwa chifu. Zaidi ya yote, hapo pana programu za mazishi. Katika nchi ya Wabukusu wasifu wa marehemu ni waraka mzito: alizaliwa wapi, wa ukoo gani, rika gani, mama yake alitoka kwa nani, aliolewa au kuoa wapi, watoto, wajukuu, ugonjwa. Familia hukaa usiku kucha kukubaliana juu ya maneno yake, tena wakati mwingine kwa ugomvi. Nathubutu kusema hakuna ofisi ya serikali yenye kumbukumbu za familia za eneo hili zinazokaribia zile zilizopita kwenye meza ya saiba. Na ofisi ya karani wa 1948 haikukaa hata siku moja na nakala moja tu kama saiba inavyokaa.

Hasara nyingi hapo hazikuhitaji hata diski kufa. Kwa miaka mingi fleshi za saiba zimesambaza kirusi kile kinachogeuza folda zote kuwa shotikati. Mwenye fleshi anaifungua, anaona vialama visivyofunguka, moyo unamruka. Ukweli ni kwamba mafaili yake yalikuwapo bado, yamefichwa tu, na fundi mwenye kujua aliweza kuyafichua kwa amri moja fupi. Wengi hawakusubiri fundi. Waliambiwa "fomati", wakafomati, na kwa mkono wao wakamaliza kazi ambayo kirusi hakikuifanya. Vivyo hivyo kwa faili lililofutwa kwa bahati mbaya kwenye diski ya sahani: kompyuta haiondoi maandishi papo hapo, huondoa anwani yake tu na kuachia nafasi ile maandishi mapya. Anayeacha kuitumia mashine mara moja ana matumaini. Anayeendelea kupakua sinema huku akilia hana.

Karatasi nazo hazikuacha kuungua. Kati ya 2006 na 2008, vita vya ardhi vilivyoongozwa na kundi la SLDF katika Mlima Elgon, na operesheni ya kijeshi ya Machi 2008 iliyofuata, vilifukuza maelfu ya watu majumbani, wengi wakateremkia Cheptais, Malakisi na Bungoma. Nyumba ikichomwa, kitambulisho, vyeti vya shule na karatasi za shamba huenda pamoja na paa. Katika mgogoro ambao kiini chake kilikuwa ni jina la nani liko kwenye orodha ya waliogawiwa ardhi katika mradi wa makazi wa Chebyuk, kubaki bila karatasi kulikuwa jeraha la pili. Aliyekuwa ameacha fotokopi kwa ndugu Kitale alikuwa na mahali pa kuanzia.

Siku hizi jibu la haraka ni "weka kwenye wingu", na simu nyingi hufanya hivyo zenyewe. Ni jibu zuri hadi ulichunguze. Kwanza, akaunti nyingi zilifunguliwa na mwenye duka siku ya kununua simu, kwa nywila ambayo mwenye simu hajawahi kuijua. Laini ikipotea, mlango umefungwa. Pili, folda inayojioanisha na wingu hutii amri kama zilivyotii zile ofisi za 1961: ukifuta simuni, na huko juu kunafutika, isipokuwa uwahi kwenye pipa la taka kabla ya siku zake kuisha. Tatu, tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti za binafsi zisizoguswa kwa miaka miwili. Babu akifa na simu yake ikafungiwa kabatini kwa heshima, picha zake zinahesabiwa siku. WhatsApp nayo, ambayo familia nyingi huitumia kama sanduku, hupunguza ubora wa picha kila inapotumwa kwa njia ya kawaida.

Wenye mitambo mikubwa hawajawa na akili kuliko sisi. Tarehe 26 Septemba 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon kilishika moto kutokana na betri. Mfumo mmoja wa kuhifadhi kazi za watumishi wa umma, wenye terabaiti 858, uliteketea wote, kwa kuwa ulikuwa umeonwa mkubwa mno kutengenezewa nakala ya akiba. Nchi yenye intaneti ya kasi kuliko karibu zote duniani ilifanya kosa ambalo ofisi ya Kakamega, kwa kaboni yake, haikulifanya.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni moja inayofuatwa hadi leo na wenye kazi hii: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, moja yake ikae mahali pengine kabisa. Kwa familia ya Malakisi haihitaji mtaalamu. Wasifu wa marehemu uko kwenye simu ya mwana. Uko kwenye fleshi inayochomekwa mara mbili kwa mwaka ili kuona kama bado inafunguka. Na uko kwenye barua pepe ya shangazi aliyeolewa Kitale, akaunti anayoifungua yeye mwenyewe kwa nywila yake mwenyewe. Kiambatisho kilichokwisha kumfikia shangazi hakifutwi na mtu aliye Malakisi. Na wasifu uchapwe pia, programu kumi za ziada, kila nyumba ya ukoo moja. Mwenye saiba naye hatapoteza kitu akimtumia kila mteja faili lake kabla hajatoka mlangoni, badala ya kuligeuza mateka.

Jambo moja huwa linanichekesha ninapoziwaza kumuse. Zile za wasemaji wakubwa zilirekodiwa kwa kaseti, kisha kwa video, na kuuzwa. Waliozirekodi walitaka kulipwa, na ilikuwa haki yao. Lakini wanakilishaji haramu hawakungoja ruhusa. Walizirudufu na kuziuza sokoni na kwenye steji za matatu, na mtu mwingine asiyemlipa yeyote akazipakia YouTube, sauti ikiwa imefifia kama ile nakala ya mwisho ya kaboni. Kaseti ya asili ikikatika leo, sauti bado ipo Chwele, ipo Kimilili, ipo kwenye simu ya dereva anayeelekea Malaba. Karani wa 1948 aliifanya kazi hiyo kwa mshahara wa serikali. Hawa waliifanya kwa wizi, na mwenye haki ya kazi ile bado anawadai.